Gari linakunywa betri ya nyumba: maswali yenu ya sola, betri na chaja

Jamani habari zenu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, mtu ana paneli juu ya bati, ana betri ukutani, alafu ameleta gari la umeme au boda ya umeme nyumbani na hapo ndio vurugu imeanza, maana wote wanataka kula sahani moja na hakuna anayegawa. Nimechukua barua sita, nimezifupisha kidogo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nimeona shida hii hii kwenye nyumba nyingi sana. Na ili tuelewane, nikisema yuniti namaanisha ile ile ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla hapa Uganda, kilowati moja ikitumika saa moja.

SWALI: Salamu fundi. Niko Najjera. Nina paneli 6 za wati 550, inveta ya haibridi ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya yuniti 10. Mwaka huu nimenunua Nissan Leaf iliyotumika, ile ya betri ya yuniti 40, naendesha kama kilomita 40 kwa siku kwenda kazini na kurudi. Nachomeka gari saa tatu usiku kwenye soketi ya kawaida, ikifika saa sita inveta inalia, betri imebaki asilimia 10, na siku ambayo umeme umekatika tunaamkia giza, watoto wanajiandaa kwenda shule kwa tochi za simu. Fundi wangu anasema niongeze betri nyingine. Niongeze? Baba wa watatu, Najjera

JIBU: Baba wa watatu, hela usitoe kwanza. Tupige hesabu. Gari kwenye soketi ya kawaida linavuta kama kilowati 2.3, nyumba yako usiku na friji na taa na wai-fai tuseme 0.4, jumla 2.7. Betri ya yuniti 10 huwezi kuimaliza yote, unatumia kama 9, gawanya kwa 2.7 unapata masaa matatu na kidogo. Saa tatu mpaka saa sita, kama ulivyosema mwenyewe. Betri haina ugonjwa wowote, imefanya kazi uliyoipa.

Sasa hiyo betri ya pili itajazwa na nini? Paneli zako jumla ni kilowati 3.3. Jua la Kampala kwa wastani linakupa kama masaa manne na nusu ya jua kamili kwa siku, ukitoa joto, vumbi na hasara za inveta unabaki na yuniti kama 12 siku nzuri, na siku za mvua ya Aprili au Novemba hata nusu yake huoni. Gari kwa kilomita 40 linataka yuniti kama 7 ukihesabu na zinazopotea njiani, nyumba ya watu watano na friji ni kama 8. Jumla 15 na mapato ni 12. Ukiongeza betri umeongeza ghala, shamba ni lile lile.

Tatizo lako naliona liko kwenye waya. Inveta ya haibridi, ile inayofanya kazi na paneli, betri na umeme wa nje pamoja, ina pande mbili za kutolea umeme, kuna upande wa gridi, yaani umeme wa nje, na kuna upande ule unaobaki hai umeme ukikatika, na mafundi wengi hupenda kuunganisha nyumba nzima kwenye huo upande wa pili kwa sababu ni rahisi na mteja anafurahi. Ila soketi ya gari nayo ikiwa huko, inveta haijui kama lile ni gari, inaona tu mzigo unaotaka kuhudumiwa, kwa hiyo itaikamua betri mpaka mwisho kama vile ni friji ya maziwa ya mtoto. Mwambie fundi aitoe laini ya gari huko, ipite upande wa gridi ikiwa na breka yake peke yake na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, na waya mnene, sio wa soketi za sebuleni. Hapo siku umeme umekatika gari halichaji kabisa, na ndivyo inavyotakiwa, giza likiingia taa na friji ndio wa kwanza.

Na hiyo soketi yenyewe iangalie leo jioni, tafadhali. Gari likishachaji saa moja, gusa kichwa cha plagi kwa mgongo wa mkono. Plagi zetu za miguu mitatu ni za ampia 13 lakini hazikutengenezwa kubeba ampia 10 usiku kucha kila siku. Nimewahi kuchomoa moja pale Kireka, mguu mmoja ulikuwa umegeuka rangi ya chai na plastiki ya soketi imelegea kama nta, na mwenye nyumba alikuwa analala chumba cha pili.

Ukishahamisha waya bado kuna jambo. Inveta ina kibanio cha kupimia, mafundi wanakiita CT, kinabana waya mkubwa unaotoka kwenye mita na kinaiambia inveta umeme kiasi gani unaingia kutoka nje. Kikiwa kimebanwa kabla ya tawi la gari, inveta itaona gari linavuta na itasaidia kwa betri, na utarudi kule kule. Kwa hiyo ingia kwenye setingi za inveta, nyingi zina jedwali la saa ambapo unaandika kuanzia saa fulani mpaka saa fulani betri isishuke chini ya asilimia fulani. Wewe weka kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri isishuke chini ya 60. Hapo gari litakula kile cha juu ya 60, alafu litahamia Yaka lenyewe, na watoto asubuhi watakuta taa.

Utaniuliza mbona nisiizuie kabisa isiguse betri. Kwa sababu gari lako mchana halipo! Jua liko Najjera na gari liko mjini. Ukiizuia, katikati ya wiki betri yako naamini itakuwa inajaa saa saba saa nane mchana, na baada ya hapo paneli zinakaa tu bila kazi, inveta inazipunguza kwa kuwa hakuna wa kumpa. Ukiruhusu gari linywe asilimia 40 ya juu usiku, kesho yake paneli zina pa kumwaga. Unapoteza kidogo njiani, tuseme asilimia 10 mpaka 15 kwa kuingiza kwenye betri na kuitoa, lakini ni bora kuliko kuziacha paneli zilale mchana. Alafu Jumamosi na Jumapili gari likiwa nyumbani lichaji saa nne asubuhi mpaka saa tisa, moja kwa moja kutoka juu ya bati. Leaf yako ikijaa inakwenda siku nne bila shida kwa safari zako, hakuna sababu ya kuchomeka kila usiku kama simu.

Hayo yote hayahitaji betri mpya, ni setingi na waya. Sasa ukitaka ifanyike yenyewe bila wewe kukimbilia swichi, ndio unaingia kwenye mfumo wa kusimamia nishati, ule wanaouita EMS. Ni kaboksi kadogo kanakosoma mita, inveta, betri na chaja kila baada ya sekunde chache, alafu kanaiambia chaja ongeza au punguza. Lakini kanahitaji chaja ya ukutani inayojua kusikia. Kebo ya kuchomeka uliyokuja nayo na gari inatoa kiwango kimoja tu, huwezi kuiamuru. Chaja ya ukutani inaongea na gari kwa kiwaya kidogo ndani ya kebo, inaliambia sasa hivi unaruhusiwa ampia 16, sasa 10, sasa 8, na gari linatii. Kiwango cha chini kabisa ni ampia 6, chini ya hapo gari linaacha kuchaji. Ampia 6 kwa volti 240 ni kama wati 1,440, kwa hiyo wingu likipita na ziada ya paneli ikashuka chini ya hapo mfumo una mawili, kusimamisha gari au kujazia kutoka Yaka. Mwambie anayekuwekea asubirishe dakika tano au kumi kabla ya kuwasha au kuzima, bila hivyo siku ya mawingu mawingu gari litawaka na kuzima mara hamsini na swichi za ndani zinachakaa bure.

Kitu kimoja kiliniuma mwenyewe nikuambie. Nyumbani kwangu nilipoweka mfumo wa namna hii betri ilikuwa inafanya mambo ya ajabu wiki tatu nzima, mchana na jua kali inajichaji kutoka Yaka, usiku inamwaga nje. Nikabadilisha setingi zote, nikalaumu inveta, nikampigia aliyeniuzia, naye akanipa majibu ya juu juu tu. Siku moja mke wangu akawasha birika la umeme nikiwa nimesimama mbele ya skrini, nikaona namba ya gridi inashuka badala ya kupanda. Kumbe kibanio kilikuwa kimebanwa kinyume! Kina mshale mdogo pembeni, mdogo kweli, unataka tochi kuuona, na ulikuwa unaangalia mita badala ya kuangalia nyumba, kwa hiyo inveta ilikuwa inadhani kuingia ni kutoka. Nikakifungua, nikakigeuza, dakika mbili kazi imekwisha. Wewe pia jaribu hilo la birika kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho.

Na neno la Yaka. Kuna watu wanaangalia video za Uingereza wanaona mtu anachaji betri saa saba usiku kwa sababu umeme wa usiku kule ni rahisi, wanakuja kuseti hivyo hivyo Kampala. Sisi wa majumbani bei ya Yaka haibadiliki kwa saa. Inabadilika kwa idadi, yuniti 15 za mwanzo za mwezi ni bei ya chini, na kuna kile kipande cha yuniti 81 mpaka 150 kilichopunguzwa ili watu wapikie umeme. Kwa hiyo ukijaza betri ya ukutani kwa Yaka usiku ili uitumie mchana umenunua kwa bei ile ile na ukapoteza asilimia 10 na zaidi. Ifungie hiyo setingi, isipokuwa siku umesikia kuna matengenezo na umeme utakatwa.

SWALI: Mimi ni boda, stage yetu iko Kawempe. Naendesha ya umeme, betri nabadilisha kwenye kituo. Mwenzangu amenunua ya kwake yenye betri yake, anachaji nyumbani. Tuko watatu tunataka kuchanga tununue paneli tuchajie hapo hapo. Na hii betri ya kampuni tunaweza kuichajia sola tuache kulipa kubadilisha? Kijana wa stage, Kawempe

JIBU: Kijana wangu, ya kampuni acha. Sio yako, umepewa uitumie, ina kompyuta ndani inayojua imechajiwa wapi, na ukiifungua ukakosea waya inaweza kuwaka moto mikononi mwako. Hilo sitanii.

Ya mwenzako ni sawa. Nyingi za boda ni volti 72 ampia-saa kama 40, zidisha unapata karibu yuniti 3. Mkiwa watatu na kila mmoja anajaza mara moja kwa siku ni yuniti 9 mpaka 10, na paneli kwa hapo Kawempe mnahitaji kama kilowati 3 na siku za mvua mtapungukiwa. Sasa angalieni hapa, shida yenu ni ile ile ya baba wa Najjera, mchana boda iko barabarani. Nyie mna bahati moja tu, betri yenu inachomoka. Mkichanga mkanunua betri moja ya ziada ya aina ile ile, inabaki nyumbani inakula jua wakati nyingine iko kazini, na saa saba mtu anakuja kula chakula anabadilisha. Hapo hamhitaji betri ya ukutani kabisa, paneli na inveta na chaja ya hiyo boda inatosha. Mkipanga zamu, wa kwanza saa tatu asubuhi, wa pili saa sita, hata inveta inakuwa ndogo kwa sababu chaja hazipigi pamoja. Daftari na saa ya simu inafanya kazi ya EMS.

Paneli usiunganishe moja kwa moja na betri, hata kama kuna mtu amekwambia volti zinalingana. Lazima kuwe na chaja iliyotengenezwa kwa betri hiyo, inayojua kuacha ikijaa. Na msichajie chumbani mnapolala wala kwenye mlango wa kutokea. Weka kwenye veranda yenye kivuli, juu ya saruji, mbali na godoro na jerikeni la mafuta, tena chaji mkiwa macho. Betri iliyoanguka ikapata ufa au imevimba usiichaji hata mara moja, hata kama leo hela hakuna.

SWALI: Assalam aleikum. Mimi mama mtu mzima, gari sina, nina paneli mbili, betri moja na friji na televisheni. Kijana wa sola anataka kuniuzia mfumo wa akili wa kusimamia umeme, anasema bila hiyo nimebaki nyuma. Ninunue? Hajati, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam Hajati, shikamoo. Usinunue. Mfumo ule unafaa pale ambapo kuna vitu viwili vitatu vikubwa vinavyogombana, wewe una friji moja. Pasi yako na pampu ya maji kama unayo vitumie saa tano mpaka saa nane mchana, basi, umeshasimamia nishati. Ukibaki na hela bora umwambie akuwekee erthi nzuri na kile kidude cha kumeza mshtuko wa radi, maana sisi huku karibu na Ziwa Victoria radi ni nyingi kuliko sehemu nyingi duniani na inveta ikipigwa ni hasara ya miaka. Na paneli apande azifute vumbi wakati wa kiangazi.

SWALI: Hodi hapo. Nina duka la samaki Busia, samaki natoa Majanji, freza tatu kubwa na friji moja, umeme wa laini tatu. Nimeweka sola ya kilowati 5 mwaka jana, na nina tukutuku ya umeme inayoleta mzigo. Bili haijashuka vile walivyoniambia, mchana jua linawaka paneli zinaonyesha nusu tu ya nguvu zake. Na umeme ukikatika ukirudi, breka kubwa inaruka. Mwenye samaki, Busia

JIBU: Mama, hii barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu nimewahi kusimama kwenye duka kama lako nikakuta kitu hiki hiki. Tulifungua boksi la breka tukapima kila laini, nyekundu ilikuwa imebeba ampia 22, njano 3, bluu 5. Na inveta ya sola ilikuwa imefungwa kwenye njano! Yaani freza zote ziko nyumba ya kwanza na chakula kinapelekwa nyumba ya pili. Inveta ya laini moja inalisha laini yake tu, na kama imekatazwa kusukuma nje basi inajipunguza mpaka kile kinachotumika kwenye laini hiyo inaishia hapo, nadhani ndio maana unaona nusu ya nguvu. Kabla ya kununua chochote mwite fundi mwenye leseni, ahamishe freza mbili ziende kwenye laini ya sola, na tukutuku pia. Ni kazi ya asubuhi moja.

Breka kuruka umeme ukirudi ni kwa sababu mota za freza wakati wa kuanza zinavuta mara kadhaa ya zile za kawaida, sekunde moja tu, lakini zikianza zote nne pamoja na chaja ya tukutuku juu, breka haikubali. Vipo vidude vya kuchelewesha, vya bei ndogo, unachomeka kati ya soketi na freza. Moja ianze baada ya dakika 3, nyingine 5, nyingine 7. Na compressor zinapenda hivyo, ukiiwasha wakati gesi haijatulia unaiua polepole. Mfumo mkubwa wa EMS unafanya hilo hilo kwa kuzima na kuwasha laini kwa zamu, wala hufanyi kosa ukiuweka kwa duka la ukubwa wako, ila usianze nao.

Sasa kuna utajiri mmoja uko nao na hujui. Samaki walioganda ni betri. Freza yako tuseme inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Saa nne asubuhi mpaka saa tisa, jua likiwa kali, ishushe mpaka 24 chini ya sifuri, iwe inakula sola. Alafu saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku izime kabisa au irudishe kwenye 18, usifungue fungue kifuniko. Freza iliyojaa samaki na kifuniko kimekaza haipandi haraka, ule ubaridi uliouweka mchana ndio unaokubeba jioni, bila kununua betri hata moja ya lithiamu. Freza ikiwa nusu tupu hii haifanyi kazi vizuri, jaza chupa za maji ziganda pembeni. Weka kipimajoto ndani wiki ya kwanza uone mwenyewe, samaki ni mtaji, usiniamini tu mimi.

Angalia pia karatasi ya bili yako. Wanaolipa kwa saa, kama viwanda vya kati na vikubwa, wana bei tatu, ya mchana, ya jioni ambayo ndio ghali, na ya usiku wa manane ambayo ndio rahisi. Ukikuta mistari mitatu kwenye bili yako basi tukutuku isichaji jioni hata kidogo, kama jua halikutosha isubiri saa sita usiku ipite. Ukikuta bei moja, chaji saa yoyote lakini jua kwanza.

SWALI: Nafundisha sekondari Arua. Shule imewekewa sola na betri na chaja ya pikipiki mbili za shule. Kila kitu kiko kwenye apu ya simu, inataka intaneti. Mtandao ukianguka hatuoni kitu, na kuna siku betri ilibaki asilimia 20 mchana kutwa wakati jua lipo. Kampuni iliyoweka haipokei simu siku hizi. Mwalimu, Arua

JIBU: Mwalimu, swali zuri kuliko yote. Mifumo hii iko ya aina mbili. Kuna ambayo maamuzi yanafanyika kwenye kaboksi kalikopo hapo hapo ukutani, intaneti inatumika kuonyesha picha tu kwenye simu. Na kuna ambayo kaboksi kanapeleka namba kwenye seva nchi nyingine, seva inaamua, alafu amri inarudi. Ya pili mtandao ukikatika inabaki na amri ya mwisho iliyopewa. Kama amri ya mwisho ilikuwa usichaji betri, itakaa hivyo hivyo jua likichoma. Nadhani ndicho kilichowapata, japo inaweza pia kuwa waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta, ule wenye kichwa kama cha intaneti, umelegea. Usukume mpaka usikie kale kamlio ka "tik", panya na mafundi wa rangi huwa wanauchomoa.

Jaribio ni rahisi. Chomoa kidude cha wai-fai asubuhi, subiri mpaka mchana, angalia kwenye skrini ya inveta yenyewe. Betri ikichaji kama kawaida mko salama. Isipochaji, ingieni kwenye inveta mrudishe ile setingi ya kawaida, sola kwanza, betri ya pili, gridi ya mwisho, iwe inajitegemea. Kwa shule mimi sikubaliani kabisa na mfumo unaotegemea seva ya mbali, hata uwe mzuri vipi.

Na mtafuteni aliyeweka awape neno la siri la fundi, lile linalofungua setingi za ndani, pamoja na akaunti ya apu iandikwe kwa jina la shule. Nimeona shule na zahanati zimebaki kama wapangaji kwenye mali yao kwa sababu neno la siri liko kwa kijana aliyehama. Mkinunua vingine mbele, ulizeni kama inveta inatoa Modbus na chaja za magari zinaongea OCPP, hizo ni lugha za wazi, kampuni ikifa mwingine anaweza kuja kuendelea.

SWALI: Ziada ya sola yangu naweza kuisukuma kwenye nyaya za umeme wanilipe? Na umeme ukikatika kwa nini paneli zangu zinazima na jua lipo? Mdau, Jinja

JIBU: Mdau, bila makubaliano ya maandishi na UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, ambao ndio wanaoendesha nyaya tangu kampuni ya Umeme ilipoondoka mwaka 2025, usisukume hata wati moja. Sio tu sheria. Zipo mita za kulipia kabla ambazo zinahesabu yuniti bila kujali zinaingia au zinatoka, yaani unawapa umeme wako na Yaka inakukata. Seti inveta isitoe kitu nje, hiyo setingi inatumia kile kibanio cha mshale niliyoeleza juu, na ziada ipe hita ya maji au gari.

Kuzima ni kwa ajili ya fundi aliye juu ya nguzo. Laini ikikatika anajua imekufa, anashika waya, na inveta yako ikiendelea kusukuma inamuua. Kwa hiyo inveta ya gridi ikikosa umeme wa nje inajizima ndani ya muda mfupi sana, ndio ilivyotengenezwa. Ukitaka kubaki na taa unahitaji ya haibridi yenye betri na swichi ya ndani inayokutenga na laini kwanza. Na kama yako ni ya haibridi na bado inazima, mwambie fundi akuonyeshe kama kuna waya wowote umeingia kwenye ule upande unaobaki hai, maana nimezikuta inveta mbili hapo Jinja kiunganishi chake bado kina kile kifuniko cha plastiki cha kiwandani.